Kondoo 99 Hawatoshi



Leo tuanze na silabi. Aristotle, katika Metafizikia, aliuliza swali linaloonekana la kitoto: silabi "ba" ni b na a tu? Akajibu hapana. Ukizitenganisha, herufi zote mbili bado unazo mkononi, ila silabi haipo tena. Basi ndani yake kulikuwa na kitu ambacho si herufi. Maji ni hivyohivyo: haidrojeni inawaka, oksijeni inachochea moto, halafu zikiungana tunazimia moto. Na kwaya je? Ukiwahi kusikia besi wakifanya mazoezi peke yao utanielewa, jamani.

Sasa hapo wengi wetu tunakimbilia kusema: kumbe kikundi ni kikubwa kuliko mtu, basi mmoja akubali kuumia ili wote tupone. Taratibu! Hoja hiyo ni ya Kayafa. Msome kwenye Yohana sura ya 11. Kwake, mtu mmoja kufa ni nafuu kuliko taifa zima kuangamia. Kwa hesabu, huwezi kumkamata. Ila alisahau kwamba watu si herufi. Herufi b ukiitoa haisikii kitu. Mtu ni kitu kizima tayari, hata kabla hajajiunga na wenzake, na ukimtupa hukupunguza kipande, umetupa mzima.

Ndiyo maana yule mchungaji wa kondoo 100 anatushangaza. Mfanyabiashara yeyote angemwambia akae na 99 wake, hasara ni ndogo. Yeye anaondoka. Paulo naye, 1 Wakorintho 12, anasema viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kimoja kikiumia vyote vinaumia navyo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo: kikundi ambacho mtu anatoweka na hakuna anayeumwa, hicho bado ni idadi tu, hata kama sare zimependeza.

Tuseme ukweli. Binti akipata mimba anaacha kuja. Kijana akikosa ajira anaona aibu ya michango, naye anaacha. Sisi tunasema "kikundi kinaendelea vizuri."

Katibu wenu ana daftari la mahudhurio. Jumapili hii liombeni, muone nani hajaonekana tangu Kwaresima, mkampigie simu. Na msianze na habari ya michango.