Mchezaji Aliyesimamishwa Angani

Katika Usukuma, na Bariadi ikiwamo, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma zichezwazo wakati mmoja. Washindao ni wale waliovuta watu wengi zaidi. Mpiga picha humnasa arukaye kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, upesi kuliko kufumba na kufumbua. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alithibitisha hivyo kwamba farasi akimbiapo huiacha ardhi kwa miguu yote minne. Kamera, basi, husema kweli. Lakini uso uliokunjamana kwa juhudi, ukisimamishwa, huonekana wa hofu. Nao umati, ambao ndio mwamuzi, haumo pichani. Aliyeushuhudia ushindi, kisha akatoa picha hiyo peke yake, amemdhulumu mchezaji, ijapokuwa hakuongeza kitu.