Saa Inayohesabu: Taharuki, Uraibu na Dhamiri ya Mtazamaji wa River Road

Katika mwongo wa kwanza wa karne ya 21, mpita njia aliyetoka Luthuli Avenue akaingia River Road, jijini Nairobi, hakukosa kuviona vibanda vya diski za video. Msimu mzima wa tamthilia ya runinga kutoka Marekani ulibanwa katika diski moja au mbili, zilizonakiliwa bila idhini ya wenyewe, ukauzwa kwa bei ambayo hata kibarua aliimudu. Baadaye diski zilipisha flashi: mteja alikuja na kifaa chake kidogo, akajaziwa sehemu alizozikosa, akaenda zake. Tamthilia iliyotia fora katika biashara hiyo ilikuwa 24, iliyoanza kuonyeshwa Marekani Novemba 2001, miezi miwili baada ya mashambulizi ya New York na Washington. Hadi ilipofikia tamati yake ya kwanza mwaka 2010 ilikuwa imepata misimu 8, kila msimu ukiwa na sehemu 24, na kila sehemu ikidai kuwa ni saa moja ya siku moja ya mhusika mkuu, jasusi Jack Bauer.

Wahakiki wamezoea kuyapita mambo ya namna hii kwa kuyaita burudani, au kuyalaani kwa kuyaita takataka. Fasihi pendwa ya Kenya iliwahi kutendewa hivyo katika miaka ya 1970, pale vitabu vya David Maillu vilipouzwa kwa wingi barabarani huku wasomi wakivikunjia uso. Lawama hizo hazikumfaa msomaji wala mhakiki, kwa sababu hazikuuliza ni nini hasa kilichomshika msomaji. Swali hilo ndilo linalostahili kuulizwa tena kwa mintarafu ya tamthilia za kijeshi na za kijasusi: mtu anayekesha hadi alfajiri, sehemu moja ikimvuta kwenye nyingine, amepoteza nini zaidi ya usingizi?

Neno uraibu lenyewe linafaa kutazamwa. Kabla ya kufungamanishwa na dawa za kulevya, lilihusu vitu kama tambuu na tumbako, vitu vya barazani, vinavyotafunwa huku mazungumzo yakiendelea. Uraibu wa namna hiyo una wenzio. Huu wa tamthilia ni wa mtu na kioo chake usiku, na hata wanapokuwa watatu chumbani hawasemezani.

Mfano wa kale na ulio wazi wa hali hii unapatikana katika Maungamo ya Mtakatifu Augustino, kitabu cha 6. Rafiki yake Alypius, mwanafunzi wa sheria jijini Roma, aliyachukia mapigano ya kuuana uwanjani. Wenzake walimkokota hadi huko, naye akaapa kuyafumba macho. Umati ulipopiga ukelele akayafumbua, na kuanzia hapo hakuhitaji tena kukokotwa. Yeye ndiye aliyewakokota wengine. Augustino hasemi kwamba Alypius aligeuka muuaji. Asemalo ni kwamba alijeruhiwa rohoni kuliko yule aliyeanguka uwanjani. Hoja hii inawajibu wale wanaosema kuwa mtazamaji anajua fika kwamba anachokitazama ni ubunifu, na kwa hiyo hadhuriki. Kujua hakukanushwi. Kinachohojiwa ni jinsi anavyozoeshwa kutamani.

Na hapa ndipo ufundi wa taharuki unapohitaji kuchunguzwa kwa makini. Katika 24, kila baada ya muda saa ya tarakimu hujitokeza kiooni ikihesabu sekunde. Bomu litalipuka, mtuhumiwa anajua lilipo, hataki kusema. Mtunzi amekwisha kumwambia mtazamaji kwamba mtuhumiwa ana hatia, jambo ambalo katika maisha halisi hakuna mhojaji aliyeambiwa na yeyote. Hivyo mtazamaji huanza kumwona kila anayesitasita, awe wakili au mkuu wa idara anayetaja haki za binadamu, kuwa ni kikwazo. Anataka mateso yaanze. Anayataka kwa sababu msuko umeyafanya kuwa mlango pekee wa kutokea katika wasiwasi wake mwenyewe, na yanapoanza, huona nafuu. Hiyo nafuu ndiyo kileo, na bunduki na milipuko ni chombo tu cha kuitilia. Aristotle alidhani kwamba tanzia huamsha hofu na huruma ili kuzitakasa. Katika muundo huu hofu huamshwa ili huruma inyamazishwe.

Suala hili halikuwahusu wapenda sanaa tu. Mnamo Novemba 2006 mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha West Point, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, alisafiri hadi California kuwasihi watayarishaji wa tamthilia hiyo wapunguze matukio ya mateso, kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wameanza kuamini kwamba sheria za vita ni pingamizi kwa askari shujaa. Ikiwa makurutu waliofundishwa sheria hizo walivutika, itakuwaje kwa mtazamaji ambaye hajawahi kufundishwa?

Lakini Nairobi si California. Kutoka River Road hadi Nyayo House, kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa miguu. Katika orofa ya chini ya jengo hilo mlikuwa na vyumba ambamo, katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu walioshukiwa kuipinga serikali walizuiliwa gizani, wengine wakiwa wamesimama majini, kisha wakapandishwa kwenye ghorofa za juu kuhojiwa. Mateso hayo yalizaa maneno mengi. Watu walikiri kuwa wanachama wa Mwakenya, wakapelekwa mahakamani bila mawakili, wakakubali makosa ambayo hawakuyatenda, wakafungwa. Februari 2003 vyumba hivyo vilifunguliwa umma uvione, na kuanzia mwaka 2010 Mahakama Kuu ilianza kuwapa fidia baadhi ya walioteswa humo. Ni kusema kwamba katika miaka ileile ambayo jiji lilikuwa likisoma ushuhuda wa watu wake kuwa mateso huzaa uongo, diski za River Road zilikuwa zikilifundisha, saa baada ya saa, kwamba mateso huzaa ukweli. Ipo kejeli hapa ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeionea fahari.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumhukumu mtazamaji bila kuuliza njaa yake inatoka wapi. Wakazi wa Nairobi waliuona mlipuko wa tarehe 7 Agosti 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, uliowaua watu zaidi ya 200 jijini humo. Tarehe 21 Septemba 2013 jumba la biashara la Westgate, huko Westlands, lilishambuliwa, watu 67 wakauawa na wavamizi, na mzingiro ukaendelea kwa siku nne huku polisi na wanajeshi wakishindwa kuafikiana, hata ikaripotiwa kuwa walirushiana risasi. Katika tamthilia dola inajua, inafika kwa wakati, na ina mtu mmoja asiyelala. Mtazamaji anayeirudia kila usiku huenda hatafuti damu kamwe, anatafuta serikali. Jambo hili linaueleza uraibu wake kwa upole zaidi, ingawa haliuondoi: anayetamani dola imlinde hupewa dola isiyozuiliwa na yeyote, naye huipokea.

Taharuki si lazima iwe hivi. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla alimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi Bwana Msa, ambaye silaha yake ni kufikiri na kiko chake. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyejitokeza katika Kufa na Kupona (1974), yuko karibu zaidi na Bauer kwa ngumi na bastola, na uhakiki wetu umemwonea haya mno kiasi cha kutomsoma. Na katika Alfu Lela Ulela kisa hukatizwa alfajiri ili msimulizi asiuawe. Uraibu wa mfalme ndio unaomzuia kuua. Muundo ni uleule wa kuahirisha, lakini huku unaahirisha kifo, na kule unaahirisha kila kitu isipokuwa kipigo.

Vilevile River Road yenyewe imezaa dawa yake, pengine bila kukusudia. Filamu za mapigano zilizosimuliwa na DJ Afro kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kikuyu huingiza sauti ya fanani kati ya mtazamaji na kioo. Fanani huyo humbatiza shujaa jina la mtaani, hudokeza litakalotukia, hucheka penye kutisha. Mwanataharuki safi atasema filamu imeharibiwa. Kweli, saa imeharibiwa. Hadhira inacheka pamoja, na mtu anayecheka na wenzake ana nafasi ya kujiuliza kama anayepigwa anastahili kupigwa.

Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya kijitabu kilichouliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Wakati ndani ya diwani hiyo hauhesabiwi kwa sekunde. Siku inafanana na siku, hakuna bomu la kuteguliwa, na anayeongea ni yule ambaye katika tamthilia angekuwa amefungwa kitini, akisubiriwa aseme. Diwani hiyo haikuwahi kuuzwa kwa wingi katika vibanda vya River Road.