Safari Isiyo na Hodi

Mabishano yalianzia kwenye video. Binamu yangu anayeishi Edmonton, Kanada, alikodi gari-nyumba, yaani lile gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo humo humo ndani, akapanda nalo kaskazini mpaka Bahari ya Aktiki. Kwenye video amesimama mlangoni mwa gari, nyuma yake milima mitupu, anasema: "Siku tano, sijamwomba mtu hata kiberiti. Huu ndio uhuru!"

Kijiweni washikaji wakashangilia. Nami nikashangilia. Nani kati yetu asiyetaka? Tunalala sebuleni kwa wajomba, na kila sahani ina masimango yake. Upate nyumba yenye magurudumu, usimpigie mtu hodi, usiulizwe umerudi saa ngapi: wallahi, hiyo pepo ndogo.

Lakini swali likanikaa rohoni. Asiyemhitaji mtu, huyo ndiye mtu huru? Nikaanza kuisoma ile barabara yenyewe.

Inaitwa Dempster. Inaanzia karibu na mji wa Dawson, huko Yukon, na inakwenda kama kilometa 740 za changarawe mpaka Inuvik. Tangu Novemba 2017 unaweza kuendelea hadi Tuktoyaktuk, ufukweni kabisa. Ukishaiingia, kituo cha mafuta kiko kilometa 369 mbele. Mawe yake yanakata matairi kama wembe. Mito miwili mikubwa, Peel na Mackenzie, unaivuka kwa pantoni wakati wa kiangazi, na juu ya barafu wakati wa baridi. Barafu inapoanza kuganda au kuyeyuka, unasubiri tu, uwe na gari-nyumba uwe na kasri.

Huyo Dempster alikuwa polisi. Desemba 1910, polisi mwenzake aitwaye Fitzgerald aliondoka Fort McPherson na wenzake watatu kupeleka barua Dawson kwa sleji za mbwa. Alipunguza chakula ili awe mwepesi, afike upesi. Njiani wakampata mwenyeji wa kabila la Wagwich'in, Esau George, akawaongoza siku chache. Fitzgerald akampa ujira wake, akamwacha aende zake. Baadaye wakapotea. Walikitafuta kijito cha kuwapitisha milimani wasikione, wakageuza, wakawa wanakula mbwa wao mmoja baada ya mwingine. Machi 1911 Dempster aliwakuta wote wanne wamekufa. Fitzgerald alikuwa amebakiza kama kilometa 40 tu kufika alikotoka. Na Dempster, katika kuwatafuta, aliongozwa na Mgwich'in pia, Charlie Stewart.

Barabara ikaitwa Dempster.

"Pori tupu," anasema binamu. Hapo ndipo ninapogombana naye. Fort McPherson na Tsiigehtchic ni vijiji vya Wagwich'in, viko kwenye barabara hiyo hiyo aliyopita. Watu hawa tangu zamani wanawategemea karibuu, wanyama wa jamii ya paa wanaohama kwa makundi makubwa na kuikatiza njia (jina lao, jamani, kama vile tunamkaribisha mgeni). Sisi tungepaswa kulielewa hili haraka. Wamaasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, na leo mtalii anapiga picha anaisifu nyika isiyoguswa na mtu.

Utaniuliza: kwani kosa lake liko wapi? Kalipia mafuta, hakuiba, hakumsumbua yeyote. Afadhali yeye kuliko mgeni wa kuganda wiki tatu! Hoja nzito, siikatai. Mwenye nyumba naye anachoka. Ila kutomsumbua mtu ni jambo moja na kutomwona ni jingine. Fitzgerald hakumdhulumu Esau George, alimlipa. Kosa lake, naona mimi, ni kudhani kwamba akishalipa, yale anayoyajua yule mtu hayamhusu tena.

Nikampigia binamu simu.

"Kaka, kweli siku zote tano hukumhitaji mtu?"

Akacheka. Kumbe siku ya nne matairi mawili yalipasuka, naye ana spea moja. Mzee mmoja wa huko akasimamisha pikapu yake, akalala chini kwenye tope, akaziba tairi kwa karibu saa nzima. Akampa na nyama kavu ya njiani. Pesa akakataa.

"Mbona kwenye video hayumo?"

"Ah, ingeharibu stori."

"Anaitwa nani?"

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Sikumuuliza," akasema.

Nilitaka kumsema, maneno nilikuwa nayo tele. Lakini usiku ule ule nilirudi kwa mjomba saa tano, nikagonga. Akaja kufungua mwenyewe, na shuka kiunoni, macho mekundu kwa usingizi. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimeshiba, shikamoo mjomba, usiku mwema. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Chungu kilikuwa jikoni, kimefunikwa, na juu yake sahani moja.