Nani Amleaye Mzazi?

Katika pwani yetu ya Tanga neno "mzazi" lina maana mbili. Ya kwanza ni ya vitabuni: baba au mama wa mtoto. Ya pili ni ya majumbani: mwanamke aliyejifungua karibuni. Mtu akisema, "Nakwenda kumtazama mzazi," hakuna asiyemwelewa. Hasemi anakwenda kumtazama mtoto. Lugha yenyewe imemtanguliza mama. Nimeishi na neno hili zaidi ya miaka sabini, na nimelifundisha darasani, lakini sikuuona uzito wake mpaka siku ile binti yangu wa mwisho aliponiambia, "Baba, kila anayepiga hodi anauliza kama mtoto hajambo. Mimi hakuna anayeniuliza."

Alikuwa amejifungua Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga, mahali ambapo jirani humjui jina. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alikaa siku tano, kisha gari likamwita. Mama yake mzazi alikwisha tangulia mbele ya haki. Shangazi yake alikaa wiki moja akarudi kwenye shughuli zake. Basi nikafunga safari mimi. Kwa desturi zetu baba si mtu wa kuingia chumbani kwa mzazi, na sikwenda kwa kazi hiyo. Nilikwenda kuteka maji, kwenda sokoni na kupika uji.

Nilimkuta mjukuu wangu amenawiri, ameogeshwa, amepakwa mafuta, amevalishwa soksi. Mama yake nywele zimesimama, macho mekundu, na kikombe cha chai ya rangi alichokishika ndicho chakula chake cha kwanza tangu alfajiri. Ilikuwa baada ya alasiri. Usiku nilimsikia mtoto akilia, kisha nikasikia kilio cha pili, kilichozibwa kwa upande wa kanga. Asubuhi, akiwa ananipa mgongo, alisema, "Baba, wakati mwingine natamani nimlaze hapa, nitoke, nisirudi."

Nami nilimjibu nini? Nilimjibu kwa methali. Nilimwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba mama yake aliwalea sita bila kulalamika. Akainamisha uso, akanyamaza. Miaka mingi niliwaambia walimu vijana kwamba mwanafunzi anayenyamaza baada ya kukaripiwa si lazima awe ameelewa. Siku ile niliusahau usemi wangu mwenyewe. Niliuchukua ukimya wa mwanangu kuwa ni kukubali.

Swali lililonisumbua baadaye ni hili: Je, mama anayetaka kulala, kula akiwa ameketi, na kupata saa moja asibebe mtu yeyote, ni mama mwenye ubinafsi? Kwa kawaida tunamsifu yule anayejisahau. Twasema, "Huyo ndiye mama." Tukimwona mwingine amempa dada yake mtoto ili yeye akalale mchana, midomo inapindishwa.

Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba mama lazima ajitunze kwa ajili ya mtoto. Jibu hilo ni la kweli. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya huku akipewa vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Mwili wa mwenye kunyonyesha unahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku. Asipokula, mwili hutoa katika akiba yake, na akiba ikiisha ni yeye anayekongoroka. Taa ya chemli haiwaki kwa kusifiwa, huwaka kwa mafuta.

Hata hivyo, nathubutu kusema kwamba jibu hilo halitoshi, na ndani yake mna hatari. Kama mama anatunzwa kwa ajili ya maziwa tu, basi tumemfanya chombo. Wenye taa huithamini kwa sababu ya mwanga, na siku haina kazi huwekwa darini. Je, binadamu naye awe hivyo?

Nitatoa mfano. Kijijini kwetu, nilipokuwa mwalimu kijana, palikuwa na mwanamke aliyejifungua mtoto maiti. Mtoto alizikwa jioni ileile. Hakuna aliyemletea kuku wala uji wa pilipili manga. Hakuna aliyekuja kumkanda kwa maji ya moto. Siku ya nane nilimwona shambani na jembe. Mwili wake ulikuwa umepita njia ileile aliyopita kila mzazi, damu ileile ilikuwa imemwagika, maziwa yalikuwa yanamjaa asiye na wa kumpa, na juu ya yote hayo alikuwa na msiba. Alihitaji kutunzwa kuliko wengine, akakosa, kwa sababu sisi tulikuwa tunautunza uzazi, hatumtunzi mtu. Nilimwona nikapita. Kwa hiyo nasema: mzazi hutunzwa kwanza kwa kuwa yeye ni mtu, ametoka safari ambayo wengine hawakurudi. Manufaa ya mtoto ni matunda ya jambo hilo, lakini shina ni utu wa mama.

Kosa langu la pili nililifanya nikiwa mwalimu mkuu, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwalimu mmoja alirudi kutoka likizo ya uzazi akiwa na mtoto mchanga nyumbani, mwendo wa robo saa kutoka shuleni. Akaomba aruhusiwe kwenda kunyonyesha wakati wa mapumziko ya saa nne, na asamehewe kipindi kinachofuata. Nilikataa. Nilimwambia, "Mwalimu, nikikuruhusu wewe, kesho kila mmoja atakuja na lake." Akasema, "Sawa, Mwalimu Mkuu," akatoka. Tangu siku hiyo alikuja na kanga mabegani hata kwenye joto la Februari. Nilijua sababu yake. Maziwa yalikuwa yakimtoka na kulowesha blauzi mbele ya wanafunzi. Kabla muhula haujaisha nilisikia kwamba mtoto ameachishwa ziwa.

Mwaka 2004 ikatungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Humo mwanamke mwajiriwa amepewa likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba amepewa siku zisizopungua 3. Na mwenye kunyonyesha aruhusiwe kufanya hivyo katika saa za kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Nilipokisoma kifungu hicho niliiweka karatasi mezani nikatazama dirishani. Kipindi kimoja nilichomnyima mwenzangu hakikufikia hata nusu ya saa hizo. Ni kitu gani nilikijua mwaka 2004 ambacho sikukijua siku ile? Hakuna. Niliiona ile kanga mabegani. Sheria haikunifundisha jambo jipya, ilinifedhehesha tu.

Na sheria, pamoja na wema wake, haiwafikii wote. Mama lishe hana mwajiri wa kumwomba likizo. Mkulima mvua haimngoji. Binti anayefanya kazi za ndani mara nyingi hufukuzwa tumbo likionekana. Hao likizo yao ni watu: mama, dada, wifi, jirani. Wasipokuwapo watu, hakuna likizo.

Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo maana wakaweka arobaini. Siku 40 mzazi hachoti maji, hapiki, hafui. Anakandwa, anafungwa tumbo kwa kanga, analishwa supu na uji. Kilimanjaro nako mzazi hupewa mtori wa ndizi na nyama, naye hupumzishwa kwa muda mrefu. Madaktari wanahesabu wiki 6, yaani siku 42, kuwa ndio muda wa mji wa mimba kurudi mahali pake. Wazee wasiojua kusoma walikosea kwa siku mbili tu!

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Arobaini ilikuwa na kasoro zake. Mahali pengine dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yalikamuliwa na kumwagwa ati ni machafu, na kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Mtoto alipewa maji ya sukari kabla ya ziwa. Mzazi mwenye homa aliachwa ndani kwa kuwa siku za kutoka hazijatimia. Na zaidi ya yote, hapakuwa na neno la huzuni. Mzazi aliyelia bila sababu aliambiwa ana shetani au hana shukrani.

Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama mimi na methali yangu. Siku mbili baada ya lile jibu langu, nilimwona mwanangu amekaa kitandani, mlango wazi, mtoto analia ubavuni pake, naye anatazama ukutani kama asiyesikia. Desturi au si desturi, niliingia nikambeba mjukuu wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikujibu vibaya. Niambie tena." Akasema kwa muda mrefu. Sikutia neno.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Muuguzi, mwanamke wa makamo, alimpima mtoto, kisha akakiweka kitabu kando akamwuliza, "Na wewe, dada, unalala? Unakula? Unajisikiaje moyoni?" Binti yangu akalia palepale. Muuguzi akanigeukia, "Mzee wangu, huu si uvivu wala si kukosa shukrani. Ni ugonjwa, na unatibika." Baadaye nilisoma kwamba Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa katika kila wanawake 100 waliojifungua, wapatao 13 hupata maradhi ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hukaribia 20. Katika shule yenye walimu wanawake kumi, basi, yamkini wawili walipita mbele ya meza yangu katika hali hiyo, nami nikawakagulia maandalio ya masomo.

Muuguzi yule alitueleza na mambo mengine ambayo nayaandika hapa kwa faida ya msomaji. Mzazi aonwe na mtaalamu katika saa 24 za mwanzo, kisha siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Damu ikizidi, homa ikipanda, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, uchafu wenye harufu mbaya ukitoka, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, hapana kungoja arobaini wala kungoja kesho. Hali kadhalika mtoto akikataa ziwa, akipumua kwa haraka, akishikwa na degedege, akiwa wa moto sana au wa baridi, au nyayo zake zikiwa za manjano. Na mama akisema anatamani kutoweka, au kujidhuru, au kumdhuru mtoto, hilo nalo ni la siku hiyohiyo. Asikemewe, wala asiachwe peke yake.

Tuliporudi tulipanga kazi. Mtoto akishanyonya na kushiba, namchukua mimi barazani, mama analala. Mkwe wangu alipigiwa simu akaomba ruhusa. Aliporudi alijifunza kufua nepi, na majirani wakamcheka, kisha wakaacha. Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye hatukumjua jina, alianza kuleta chapati. Binti yangu alihudhuria kliniki kwa miezi kadhaa. Haikuwa kazi ya wiki moja, na zilikuwapo siku za kurudi nyuma. Leo anacheka, na mwanawe anatembea.

Kwa hiyo, kwa mama kijana atakayesoma ukurasa huu, nasema: kula, lala, omba msaada, na anayekuita mbinafsi mwachie maneno yake. Lakini nisingependa kuishia hapo, maana kumwambia "jitunze" mtu aliyelemewa, kisha ukamwacha na ndoo, jiko na mtoto, ni kumdhihaki. Mtu hawezi kujitunza kwa muda ambao hakupewa. Maneno yangu hasa ni kwetu sisi tuliomzunguka: baba wa mtoto, babu, mwajiri, mgeni mwenye kubisha hodi.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nikiruhusiwa, ningeongeza kwamba mwana halelewi na mtu ambaye hana wa kumlea. Sasa niendapo kumtazama mzazi husimama mlangoni, humsabahi, nikamwuliza, "Hujambo wewe?" Kisha hungoja, kwa sababu jibu la kwanza ni "sijambo", na jibu la kweli huja baadaye.