Machozi kwa Bibi Han: Swali la Kimaadili Kuhusu Upenzi wa Tamthilia za Kikorea

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali ambalo wahakiki wetu wamelipitia mbali, labda kwa kuwa linaonekana duni: je, ni haki mtu kumlilia mhusika wa kubuni wa nchi ya mbali, ilhali hakuwalilia walio wake? Msomaji ataniwia radhi nikianza na kisa changu kabla ya nadharia. Katika shauri hili mimi ndiye mshtakiwa.

Shangazi yangu alizikwa karibu na Chwele, katika Kaunti ya Bungoma. Jamaa zetu wametawanyika kama jamaa nyingi za Wabukusu: wengine walibaki Bungoma, wengine wakahamia Trans Nzoia baada ya uhuru wa 1963, mashamba ya walowezi yalipoanza kugawanywa. Sisi wa Kitale tulikodi matatu, tukapitia Kiminini, Kamukuywa na Kimilili, tukafika wakati jeneza limekwisha kutolewa nje. Kijitabu cha mazishi kilimtengea marehemu kurasa mbili: kuzaliwa, ndoa, watoto, kanisa, ugonjwa. Nilitazama saa yangu zaidi ya mara moja. Sikulia.

Majuma machache baadaye mpwa wangu, aliyekuwa akiishi kwangu kwa ajili ya masomo, alileta tamthilia ya Kikorea iliyonakiliwa katika flashi kutoka duka moja la mjini Kitale. Ilikuwa Dae Jang Geum, iliyotengenezwa na shirika la MBC na kuonyeshwa Korea Kusini mnamo 2003 na 2004, yenye sehemu 54. Niliketi naye kwa adabu tu, nikishikilia karatasi za wanafunzi za kusahihisha. Kufikia sehemu ya 5 karatasi zilikuwa sakafuni. Katikati ya tamthilia, Bibi Han, mpishi wa kasri na mlezi wa Jang-geum, anasingiziwa uhaini, anateswa, kisha anapelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Jeju. Hafiki. Anakata roho njiani, akiwa amebebwa mgongoni na yule msichana aliyemfunza kupika. Hapo nililia, si kwa machozi mawili ya heshima, bali kwa kwikwi. Mpwa wangu akanitazama, akauliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko lawama: “Mjomba, mbona kwa Kukhu hukulia?”

Swali hilo ni la kale kuliko televisheni. Mtakatifu Agustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Algeria, anajishtaki katika Maungamo yake kwamba ujanani alimlilia Dido, malkia wa Karthago katika utenzi wa Virgil, na huku hakuona la kulilia katika hali ya roho yake mwenyewe. Kuhusu michezo ya jukwaani anakwenda mbali zaidi: mtazamaji haitwi kusaidia, anaitwa kuhuzunika tu, na huzuni hiyo humpendeza. Rousseau, katika barua yake ya 1758 kwa d’Alembert, aliishika hoja hiyo kwa ukali wa mdai. Kwa maoni yake, mtu anayelia katika ukumbi wa maonyesho hujihisi ametimiza wajibu wake kwa wanadamu bila kutoa chochote. Akitoka nje, maskini aliye mlangoni humwona kama usumbufu.

Hoja ya Rousseau siwezi kuikwepa. Bibi Han hakuniomba nauli ya kwenda hospitali. Shangazi aliniomba, nami nilituma nusu, tena kwa kuchelewa. Machozi niliyomwaga Kitale hayakulipa deni la Chwele hata senti moja. Mpenzi wa tamthilia anayedhani kwamba wingi wa machozi yake ni ushahidi wa wema wake anajidanganya.

Hata hivyo, shtaka hili lina upungufu mmoja. Linachukulia kwamba huruma ni kama maji ya mtungi: nikimpa wa mbali, wa karibu atakosa. Sioni kwamba ndivyo ilivyokuwa. Sikumnyima Shangazi machozi ili nimpe Bibi Han, kwa kuwa siku ya mazishi hapakuwa na machozi ya kunyimana. Hapana budi basi kuuliza ni kitu gani tamthilia ilikifanya ambacho kijitabu cha kurasa mbili hakikukifanya.

Mosi, tamthilia ilinipa muda. Nilimwona Bibi Han akichagua maji, akionja, akimkaripia mtoto aliyekosea, akinyamaza mahali ambapo mwingine angesema. Nilijua kwamba aliwahi kuwa na rafiki kipenzi jikoni, na kwamba msichana aliyekuwa akimlea alikuwa binti wa rafiki huyo bila wao wenyewe kujua. Walipotambuana, utambuzi ule, ambao Aristotle aliuhesabu miongoni mwa nguzo za tanzia, ulikuwa na uzito kwa sababu ya saa nyingi zilizoutangulia. Kifo kilimkuta mtu ninayemjua. Huko Chwele kilimkuta mtu ambaye nilimwita kwa jina la udugu tu.

Pili, na hapa mtazamaji wa Bungoma ana bahati ambayo mfasiri wa Kiingereza hakuikusudia, tamthilia ilizungumza nami kwa sikio. Wakorea, sawa na sisi, hawamwiti mkubwa kwa jina tupu. Umri na cheo humo ndani ya kila mwito. Jang-geum humwita Bibi Han “mamanim”. Ni neno la heshima kwa mwanamke wa cheo katika kasri, wala halina maana ya mzazi. Lakini sikio lililolelewa kwa Kiswahili litalisikia vipi? Pale njiani, msichana alipomwita aliyekwisha kufa mgongoni mwake, mimi nilisikia mama. Nakiri kwamba sehemu ya machozi yangu ilisimama juu ya kosa la usikivu. Sijui kama kosa hilo lapunguza ukweli wa machozi yenyewe. Naelekea kudhani kwamba halipunguzi, maana uhusiano uliomo katika hadithi ni ule ule uliosikika kwa makosa.

Msomaji wa huku kwetu atakuwa amekwisha kufikiria kumuse. Katika desturi ya Wabukusu, baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi, msemaji mahiri husimama mbele ya umati ulioketi kimya, akatembea na fimbo yake, akasimulia koo, mahamio na maonyo, na kumweka marehemu mahali pake katika mkondo huo. Ni sanaa ya muda mrefu na ya usikivu mkubwa. Mtu angeweza kudai kwamba tamthilia ya kigeni imeziba pengo lililoachwa na kumuse, na kwamba tungerudi kwenye desturi tungelia vema. Dai hili lapendeza, na kwa muda nililiamini. Lakini kumuse aghalabu ni ya wazee wanaume. Hata desturi ingalikuwa na nguvu zake zote, Shangazi asingalisimamiwa na msemaji. Alikuwa mwanamke aliyepika, akalima, akauza ndizi, akalea watoto wa wengine.

Hapo ndipo tamthilia hii inapotushinda kwa haki. Jang-geum ametajwa kwa maneno machache tu katika kumbukumbu za ufalme wa Joseon, kama mganga wa kike aliyemtibu Mfalme Jungjong. Kutokana na mistari hiyo michache watunzi wakajenga sehemu 54, na sehemu kubwa ya mwanzo wakaiweka jikoni. Walimpa mpishi urefu ambao utanzu wetu wa heshima uliwatengea wazee wanaume, na ambao nami, niliyesomea fasihi na kulipwa kwa kuifundisha, sikuwahi kufikiri kumpa mwanamke wa Chwele. Nilijua kueleza tanzia ya Sophocles kuliko nilivyojua jina la rafiki mmoja wa shangazi yangu.

Kwa hiyo sikubaliani na Agustino kwamba machozi yale yalikuwa ya kuonea aibu. La aibu ni jambo jingine, nalo lilikuwapo kabla ya flashi kuletwa nyumbani. Mpwa wangu hakuhitaji maelezo yote haya. Nilipomjibu kwamba sikumlilia Kukhu kwa kuwa sikumjua, alisema tu, “Si ungemuuliza.”

Mwezi wa Agosti nilirudi Chwele peke yangu. Nilimtafuta bibi mmoja jirani aliyechota maji pamoja na Shangazi wakiwa wasichana, nikamwomba anieleze alikuwa mtu wa namna gani. Aliniuliza kwanza kama ni shauri la shamba. Nilipomhakikishia kwamba sivyo, alifikiri kwa muda, akaniambia kwamba Shangazi alikuwa na sauti kubwa kuliko wote mtoni, na kwamba alikataa posa mbili kabla ya kuolewa. Nikauliza za nani. Akacheka, akasema hao nao walikwisha kufa, na kwamba nirudi siku nyingine, kwa kuwa alikuwa na maharagwe motoni.