Bati Tupu Si Toba

Wahubiri wengi wanaipenda toba ya kuvuliwa: bandua tabaka zote, ubaki mtupu mbele za Mungu, hapo ndipo utakuwa wewe wa kweli. Niliwasikia Kitale nilikozaliwa, nawasikia hapa Kator, Sudan Kusini, jirani na Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa. Natamani mmoja wao aje uani kwangu, ninakosugua rangi ya gari, ashike msasa namba 80.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya miaka ya 90, usukani kulia, ingawa Sudan Kusini tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nadhani lilipitia Lokichoggio, Kenya, enzi za Operation Lifeline Sudan, mpango wa misaada ulioanza 1989, ila karatasi zake hazisemi. Rangi zinasema zaidi. Juu ni nyeupe iliyochoshwa na jua, ukipitisha kiganja kinatoka na unga. Mlangoni kuna mstatili mweupe kuliko kwingine: kibandiko cha shirika fulani kiliikinga rangi kwa miaka, na kilipobanduliwa kikaacha herufi zinazosomeka nusunusu. Chini ya nyeupe hiyo ni kijani cha jeshi, kilichopakwa kwa brashi, michirizi bado inaonekana. Chini ya kijani, nyeupe tena, ya kiwandani.

Sasa, ipi kati ya hizo ndiyo gari lenyewe? Kijana anayenisaidia, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake ni cha huko kabisa, hakusita: "Hakuna hata moja, mzee. Gari ni chuma." Tukaendelea kusugua, kwa maji, maana rangi za zamani huenda zina madini ya risasi na uani kuna watoto. Boneti ikang'aa. Akasema tuiache vivyo hivyo, imependeza.

Ni msimu wa mvua huku. Kulipokucha, vidole vyake vitano vilikuwa vimechorwa kwa kutu juu ya boneti, hadi mistari ya ngozi. Jasho lina chumvi, na chuma kitupu kikikutana na chumvi na unyevu hakingoji. Hata kiwandani hakikuachwa hivyo: kilioshwa, kikapewa tabaka la fosfati, kikapigwa praima, ndipo rangi. Gari huwa chuma tupu kwa muda mfupi sana wa maisha yake.

Ndiyo maana naona wahubiri wetu wanaishia njiani. Yesu mwenyewe alisimulia habari za pepo aliyetolewa, akarudi akakuta nyumba imefagiwa na haina mtu, akaenda kuwaleta wenzake saba. Adamu na Hawa walipojiona uchi, Mungu hakuwasifia uwazi wao. Aliwatengenezea mavazi ya ngozi. Naye Paulo, akiwaandikia Wakorintho, anatamani kuvikwa, si kuvuliwa.

Hata nchi nzima ni hivyo. Mkataba wetu wa amani wa 2018 unataka iundwe Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji. Wapo wanaotaka turukie uponyaji, yaani tupulize rangi mpya juu ya kijani. Hiyo itabanduka tu. Wapo pia wanaodhani ukweli ukishatajwa kazi imekwisha. Hawa wa pili ndio wananitia hofu zaidi, kwa sababu wako sahihi nusu. Mama akisimama mbele ya majirani akaeleza aliyotendewa, kisha akaachwa arudi nyumbani peke yake, huyo ameanikwa mvuani.

Kijana anataka tusugue kila kona. Nimemkatalia pahali pamoja, ndani ya fremu ya mlango wa dereva, ambapo kijani kimeshika barabara na hakuna kutu chini yake. Rangi iliyoshika haiondolewi bila sababu. Na Kristo aliyefufuka, nikamkumbusha, alikuja na makovu yake, Tomaso akaoneshwa.

"Sawa mzee, lakini mnunuzi ataona, na bei itashuka."

Huenda. Tulibishana mpaka praima ya boneti ikakauka, na hatujaafikiana bado.