Sifa za Mkanda, Lawama Zangu

Nilipopungua kilo 19, ndugu zangu walisema ni mkanda niliofungwa tumboni kwa upasuaji. Sasa mizani imegoma kwenye 94 kwa wiki ya kumi, na wanasema ni mimi: sina nia. Kama sifa zilikuwa za mkanda, lawama zimenifikiaje mimi?

Mkanda wenyewe ni wa silikoni, huzungushwa sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukazwa kwa maji ya chumvi yanayoingizwa kwa sindano. Huzuia tonge la ugali. Soda na aiskrimu hupita bila hodi. Tena mwili unaopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, na leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ya mafuta inatosha, hushuka. Yaani kadiri ninavyofanikiwa, ndivyo njaa inavyonitafuta.

Aristotle alimweka mtu asiyetamani kilichozidi juu ya yule anayetamani lakini akajizuia. Hapo namkatalia. Asiyetamani huenda amebahatika tu. Jioni, harufu ya chipsi mayai inapopanda ngazi za hosteli, anayefanya kazi ni yule mwingine, na hakuna mizani inayompima.

Ndiyo maana nimeacha kuisubiri hamasa. Ilikuwa ikilishwa na tarakimu, nazo zimenyamaza. Natafuna polepole, natembea kwa miguu hadi maktaba. Alhamisi nina miadi kliniki. Daktari ataangalia kama mkanda ukazwe tena au uachwe ulivyo.